Jina la Mmea wa Nyambureti

Nyambureti, Serengeti
9 Septemba 2024

Mpendwa Everlyne,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi wazima, vumbi tu ndilo linalotutesa. Mtandao wa huku unaujua: ukitaka kuongea sharti upande kilima na simu umeinyoosha juu. Nimeona bora niandike, nimpe kondakta wa basi la Mugumu barua pamoja na furushi hili. Fungua taratibu. Mimea imo katikati ya magazeti, na ukiivuta kwa pupa petali zitabaki kwenye habari za mpira.

Sasa kaa chini. Unajua kwamba tangu Machi niko kwenye kazi ya kuorodhesha mimea ya wilaya chini ya Profesa Mniko. Wiki iliyopita nilipita kwenye mteremko wa baba yangu, Tata Kornelio, ule anaouchoma moto kiangazi ili ng'ombe wapate majani mabichi. Katikati ya majivu nikaona maua ya zambarau yametokeza karibu na ardhi. Hayafiki goti na hayana jani hata moja. Mmea ni wa familia ya kunde, hilo hata mwanafunzi wako wa kidato cha kwanza angeliona kwenye ua. Lakini ni kunde gani? Nimepekua vitabu vyangu, Profesa akapekua vyake, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba mmea ungesikia: "Irine, huenda huu haujaandikwa popote."

Spishi mpya, Everlyne, tena kwenye shamba la mzee Kornelio.

Nahitaji michoro. Makala ya kuutangaza mmea haiendi bila michoro, na hakuna mkono ninaouamini kama wako. Tuliosoma nawe chuo kizima tunakumbuka ulivyokuwa ukichora hadi vinyweleo vya shina. Ikichapishwa, Profesa amesema nafasi ya shahada ya pili mwakani ni yangu. Bila makala, nafasi hiyo ataipata mwingine. Tafadhali usimwambie mtu.

Msalimie shemeji Omondi, na umbusu mtoto Vincent.

Rafiki yako,
Irine


Tarime
17 Septemba 2024

Irine,

Furushi limefika. Kondakta alilikalia, lakini mimea ni salama. Nimefurahi sana kwa ajili yako.

Hiyo ndiyo sentensi niliyopaswa kuandika, na nimeiandika. Sasa niseme kweli. Nilimaliza kusoma barua yako. Nikaiweka chini, nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Omondi akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, Irine amepata mmea. Akacheka hadi akashika ukuta. "Watu wanaoneana wivu kwa ng'ombe, kwa duka, kwa mume," akasema. "Wewe mke wangu unaona wivu kwa majani?"

Ndiyo, kwa majani. Katika botania nani alikuwa wa kwanza darasani, na nani alikuwa akiazima daftari za nani? Kazi yako hiyo ilipotangazwa mimi nilikuwa nimetoka kujifungua Vincent, nikabaki na nepi, wewe ukaomba ukapata. Sikulaumu. Nakuonea wivu tu, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Leo nimefundisha uainishaji wa viumbe hai. Kabla ya kufungua kitabu niliwaambia wanafunzi watugawe sisi walimu katika makundi, kwa kigezo watakachokichagua wenyewe. Kundi moja likatugawa kwa wanaochapa na wasiochapa. Jingine likatugawa kwa wenye pikipiki na waendao kwa miguu. Nikauliza, mwalimu Kisyeri akinunua pikipiki kesho, atakuwa kiumbe kingine? Wakainamisha vichwa. Hapo ndipo nikawaingiza kwenye somo: popo anaruka lakini si ndege, kwa sababu hatuwapangi viumbe kwa sura wala kwa mwendo, tunawapanga kwa undugu. Nikawaandikia kwamba kila spishi ina majina mawili, la kwanza la jenasi, ambalo ni kama jina la ukoo, na la pili lake yenyewe.

Nilikuwa naandika ubaoni huku nikiwaza ule wako. Hilo jina la pili utampa nani? Profesa, bila shaka. Ukiona mtu anapalilia shamba la mkubwa wake, jua ana lake moyoni.

Michoro ya maua hii hapa. Mizizi na tunda nitakuletea baadaye.

Everlyne


Nyambureti
28 Septemba 2024

Mpendwa Everlyne,

Umenichekesha na kunichoma kwa pamoja, kama kawaida yako. Wivu wako naujua tangu bweni, ulikuwa unaona wivu hata nikipata mafua, nawe ukaanza kupiga chafya za kujifanya. Lakini mkono wako haujambo. Profesa alikuja juzi na wageni wawili wa chuo, tukawachinjia kuku, nikawaonyesha michoro yako mezani. Mmoja wao akadhani ni picha iliyopigwa. Nikawaambia imechorwa na rafiki yangu, mwalimu mmoja wa huko Tarime. Walisifu sana.

Profesa ana ombi dogo tu. Ua la tatu ulipe nafasi zaidi, na stameni zionekane kumi zote.

Kuhusu jina, ngoja nikueleze desturi ya hawa watu wetu. Anayeuandika mmea mara ya kwanza ndiye mwenye haki ya kuutaja, lakini haupi jina lake mwenyewe. Huonekana kama mtu anayejipigia makofi kwenye harusi yake. Huupa jina la mtu mwingine au la mahali. Tata alipolisikia hilo akaanza kupita pita mbele ya wageni akikohoa, maana shamba ni lake. Mimi nimekwisha kuchagua, na sisemi. Jina la mtoto halitajwi akiwa tumboni.

Mama yako hajambo kule Nyangoto? Kesi yake ya shamba imefikia wapi?

Wako,
Irine


Tarime
6 Oktoba 2024

Irine,

"Rafiki yangu, mwalimu mmoja wa huko Tarime."

Nimeisoma sentensi hiyo nikampa Omondi aisome, na safari hii hakucheka. Wageni wamekula kuku, wamesifu mkono, na mkono hauna mwenyewe. Hapa mtaani mimi ni Mama Vincent. Shuleni ni Madam. Kwa kina Omondi ni mke wa Omondi. Nilidhani mahali pamoja nilipobaki kuwa Everlyne Adhiambo ni kinywani mwako. Mmea unahangaikiwa kupata jina, na mimi niliye nalo tangu kuzaliwa nimeitwa "mwalimu mmoja." Naumia, na sitajifanya siumii.

Stameni nimezichora zote kumi. Mwambie Profesa azihesabu.

Jana nilikuwa Nyangoto kwa Mama. Kesi haijaisha. Tangu watu waanze kuchimba dhahabu upande ule, kila kipande cha ardhi kina wenyewe wawili, na cha Mama kinadaiwa na baba mdogo Oyoo, mdogo wake marehemu baba. Baraza limeamua kipande hicho kisiguswe na mtu hadi hukumu: hakuna kulima, hakuna kulisha, hakuna kuchoma moto. Huu ni mwaka wa tatu. Pamekuwa pori, mtu mzima anaweza kujificha humo.

Swali dogo. Ule mteremko wa baba yako huchomwa kila mwaka, au kuna miaka anayoacha? Nauliza tu, kwa ajili ya maelezo ya mchoro.

Mpe mzee shikamoo yangu.

Everlyne


Nyambureti
13 Oktoba 2024

Mpendwa Everlyne,

Nisamehe. Sikufikiria. Wageni walikuwa wanaharakisha, na mimi nilikuwa na hofu ya kuku kuungua. Jina lako litaandikwa chini ya kila mchoro, hilo halina mjadala.

Mteremko huchomwa kila mwaka, tangu kabla sijazaliwa. Tata anasema nyasi zisipoungua ng'ombe huzitazama kama unavyotazama ugali wa juzi. Hiyo itafaa sana kwenye maelezo yako, andika kwamba unaota kwenye ardhi iliyoungua.

Makala inakwenda mwisho wa mwezi huu. Silali vizuri kwa furaha. Profesa nimemtajia jina nililochagua, akasema ni jina zuri. Basi acha hasira, mwenzangu, utalijua likitoka.

Pole na mambo ya Nyangoto. Ndugu wakigombana shika jembe ukalime, walisema wazee, lakini hao wazee hawakukatazwa kulima na baraza.

Irine


Tarime
20 Oktoba 2024

Irine,

Usiitume makala.

Nitakueleza yote kwa mpangilio. Siku ile nilipokwenda Nyangoto niliona maua yako. Yalikuwa ndani ya kile kipande cha kesi, lakini hayakuwa chini. Yalikuwa juu ya kichaka kinachonifika kifuani, chenye majani matatu matatu, kile kile tulichokichora mwaka wa pili chuoni na ambacho kina jina lake vitabuni tangu babu zetu hawajazaliwa. Nililichuma ua nikalipeleka nyumbani nikalilaza kando ya la kwako. Petali ni zile zile, stameni kumi, hata mstari mweupe wa ndani upo. Ndiyo maana nikakuuliza habari za moto. Nilikuwa na shaka tayari nikakuficha, kwa sababu nilitaka kwanza niwe na hakika, na kwa sababu shaka ile ilikuwa tamu.

Jana nimerudi. Upande wa Oyoo moto wake ulivuka ukaunguza ukingo wa kile kipande. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama na jembe hapo mpakani. Mama akaniuliza kwa mshangao, "Nyathina, mwanangu, umepoteza nini?" Nilichimba hadi nikafika kwenye mzizi, mnene kama mkono wa mtu. Upande ambao haukuungua, mzizi ule umetoa shina refu lenye majani. Upande wa pili, kwenye majivu, umetoa maua mafupi yasiyo na jani. Mzizi ni mmoja, Irine. Wako si spishi mpya. Ni ule ule wa zamani ambao baba yako hajaupa nafasi ya kurefuka hata mwaka mmoja. Ukiungua, huwahi kutoa maua kabla ya majani, na sisi tukaona sura ngeni tukadhani ni kiumbe kigeni. Nilikuwa nawacheka wanafunzi kwa pikipiki ya mwalimu Kisyeri, kumbe na sisi ni wale wale.

Baba mdogo Oyoo aliniona na jembe. Sasa amekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kulalamika kwamba nahamisha mpaka.

Na nisikudanganye. Mzizi ule ulipotokeza, nilifurahi. Nilifurahi kabla sijakukumbuka wewe, na nilipokukumbuka furaha haikuondoka mara moja.

Everlyne


Nyambureti
24 Oktoba 2024

Everlyne,

Umeshinda. Ndicho ulichotaka?

Ulikuwa na shaka ukaniacha niandike habari za furaha yangu kama mjinga, huku unachimbachimba. Ungekuwa rafiki ungesema siku ile ile. Mtu anayetafuta kasoro kwa jembe hakosi kuipata. Nani ameuona mzizi huo zaidi yako na mama yako? Nitajuaje kwamba si mimea miwili iliyosongamana udongoni, na wivu wako ndio ulioiunganisha? Umeandika mwenyewe kwamba ulifurahi. Shahidi gani huyo anayefurahi kabla ya kesi kusikilizwa?

Makala itakwenda kama ilivyopangwa. Michoro yako nitaifunga nikurudishie, nitafute mtu mwingine hata kama mkono wake ni mzito.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nausikia msemo huo, sikujua kwamba nguo yenyewe ni wewe.

Irine


Nyambureti
2 Novemba 2024

Everlyne,

Hukujibu, na sikustahili kujibiwa.

Makala haijaondoka. Niliishika Jumatatu, nikaishika Jumanne, mkono ukakataa. Jumatano nikachukua jembe la Tata, nikaenda kwenye makaburi ya bibi zetu yaliyo pale pale mteremkoni. Kila mwaka kabla ya kuwasha moto Tata hupalilia njia pana kuyazunguka ili yasiungue. Nimepita hapo maisha yangu yote sijawahi kutazama kinachoota ndani. Kilikuwemo kichaka chako, kirefu, majani matatu matatu. Nikachimba ukingoni kwenye ile njia, nikaona ulichokiona wewe. Nilikaa pale chini nikalia. Tata akaja, akadhani nawalilia bibi, akavua kofia akasimama pamoja nami. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Kwa hiyo ulisema kweli, nami nikakuita mwongo. Nisamehe.

Sasa nikuambie nililokuficha. Jina nililochagua ni lako. Spishi ile ingeitwa Adhiambo. Ndiyo maana nilikuwa sitaki kulisema, na ndiyo maana mbele ya wageni nilikuita mwalimu mmoja, maana Profesa alikuwepo na nilitaka alisikie kwanza akiwa peke yake, asije akalikataa mbele za watu. Nilijua ni nani alikuwa wa kwanza darasani. Nilijua ni nani angekuwa hapa kama Vincent angechelewa mwaka mmoja. Nilitaka upate mahali ambapo hakuna atakayekuita Mama Fulani.

Profesa hajui habari za mizizi. Wanaojua ni mimi na wewe, na mama yako ambaye hajui alichokiona. Watakaoipitia makala hawatajua, na inaweza kupita miaka mingi kabla hajatokea mtu wa kuchimba mpakani penye moto na pasipo moto. Ukinyamaza, nitanyamaza. Mimi nitakwenda kusoma, na wewe utakuwa kitabuni. Uamuzi nimekuachia.

Irine


Tarime
10 Novemba 2024

Irine,

Barua yako ilinifikia shuleni wakati wa mapumziko. Niliisoma nyuma ya maabara, kisha nikaingia kidato cha pili nikafundisha kitu ambacho sikijui. Nilikuwa nalitamka lile jina kimyakimya, la jenasi likifuatiwa na langu. Linapendeza mno. Nilimwona Vincent akiwa mkubwa analisoma kwenye kitabu cha watu, na mimi nimeshakufa, na jina lipo. Nilisema kwa nini nisinyamaze? Nani ataumia kwa mmea wa mteremkoni? Siku mbili nilikuwa nimekubali. Hata Omondi nilimpikia samaki.

Siku ya tatu nikajiuliza kama ni zawadi umenipa au umenifunga mdomo, na nikaona kwamba hata wewe hujui. Ungelitaja jina hilo kabla ya mzizi, ningelia kwa furaha. Umelitaja baada yake, na sasa kila nikilitamka nasikia udongo mdomoni. Nilitamani kitu ulichonacho, Irine, miaka yote hii. Sikutamani tuwe nacho wote wawili kwa kuiba.

Basi nimefanya hivi. Nilirudi Nyangoto nikauchimbua mmea wote, mzizi na pande zake mbili, mbele ya baba mdogo Oyoo na mwenyekiti wa kitongoji ili washuhudie kwamba sichukui ardhi. Oyoo alipiga picha shimo. Nimeukausha kwenye magazeti, na juzi nimempelekea Profesa Mniko kwa basi la Mwanza. Nimemwandikia kwamba ni wewe uliyekuwa wa kwanza kuushuku mmea wako mwenyewe, na kwamba uliniagiza nikautafute mahali pasipochomwa. Kila sampuli huwekwa kibandiko kinachosema nani aliichuma na nani aliitambua, unajua, na anayeitambua ndiye mwenye heshima. Nimeandika: umechumwa Nyangoto na Everlyne Adhiambo, umetambuliwa na Irine Kornelio. Mtu anayeukosoa ugunduzi wake mwenyewe kabla hajaulizwa hapatikani kirahisi, na Profesa analijua hilo kuliko sisi. Sidhani atakunyima nafasi. Akikunyima, nitakuwa nimekuumiza mara mbili, na utakuwa na haki ya kunichukia.

Usinishukuru. Nimetafuta wema moyoni mwangu ili niandike kwamba nimefanya kwa wema, nikaukosa. Ulikuwa na kazi, ukawa na mmea, na wakati mimi nachimba kukuangusha, wewe ulikuwa umekwisha kunipa jina. Hilo la mwisho ndilo nililoshindwa kulivumilia, kwamba kati yetu wawili, wewe ndiye uwe mwema.

Everlyne Adhiambo